Sosi ya saladi ya avoka, bila mayai wala maziwa
Unaponunua saladi katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, chukua pia avoka moja iliyoiva vizuri, kwa maana ndiyo itakayoleta ule ulaini ambao wengi wetu huutafuta katika mayonezi. Ponda kwenye kinu majani ya giligilani na seleri pamoja na punje moja ya kitunguu saumu na chumvi kidogo, kisha uchanganye na avoka, vijiko 3 vya mafuta ya alizeti na maji ya ndimu moja. Ndimu usiipunguze, kwani uchachu wake ndio unaochelewesha avoka kugeuka nyeusi. Majani ya saladi, baada ya kuoshwa, yakaushwe kabisa kwa kitambaa safi, la sivyo sosi itakuwa nyepesi na haitashika kwenye saladi.