Namna ya Kuchagua Kabini, Kula Vizuri na Kujua Unacholipia Katika Meli ya Kitalii

Anayekata tiketi ya meli ya kitalii kwa mara ya kwanza huulizwa mapema mno anataka kabini ya aina gani. Wakala humtajia aina nne, yaani ya ndani isiyo na dirisha, ya dirisha lisilofunguka, ya roshani, na ile pana yenye sebule yake, na bei hupanda kwa mpangilio huohuo. Ushauri wangu, baada ya safari kadhaa katika Mediterania ya magharibi, ni kuanza na swali jingine: kabini hiyo iko sehemu gani ya meli? Kabini ya bei ndogo iliyokaa mahali pazuri humpa mtu usingizi wake wote, ilhali ya roshani iliyokaa vibaya humfanya akeshe hadi kunapambazuka.

Nililielewa jambo hili nilipomsafirisha mama, usiku 7 kutoka Barcelona kupitia Marseille, Genova, Civitavecchia (bandari ya karibu na Roma) na Palma. Nilimlipia kabini ya roshani nikiamini nimempatia kilicho bora, wala sikutazama kilichokuwa juu yake. Juu palikuwa na sitaha, yaani ghorofa ya meli, yenye bwawa la kuogelea, na kila siku kabla ya alfajiri wafanyakazi wa usafi walivuta viti vya kujilaza kutoka upande mmoja hadi mwingine ili waoshe sakafu, miguu ya chuma ikikwaruza juu ya vichwa vyetu kwa muda wa nusu saa au zaidi. Mama alikuwa ameshaamka kwa ajili ya sala, akaniuliza kwa upole kama meli imeanza kupakia mizigo katikati ya bahari. Niliomba tubadilishiwe, nikajibiwa kwamba meli imejaa, jibu utakalolipata katika safari nyingi za miezi ya kiangazi.

Kinga yake ni ramani ya sitaha, ambayo makampuni huiweka katika tovuti zao. Tafuta namba ya kabini unayopewa; mara nyingi tarakimu za mwanzo ndizo zinazotaja sitaha. Kisha fungua ramani ya sitaha iliyo juu yake na ile iliyo chini yake, uzilinganishe sehemu ileile. Ukikuta kabini juu na kabini chini, umepata mahali tulivu. Ukikuta bwawa, bafe, jiko, ukumbi wa muziki au uwanja wa mazoezi, omba nyingine. Kabini za sitaha za chini kabisa zilizo mbele husikia mitambo ya kuigeuza meli inapokaribia gati, pamoja na mnyororo wa nanga, na meli hufika bandarini asubuhi mapema. Zilizo karibu na lifti hazina kelele nyingi kama watu wanavyohofia, isipokuwa zile ambazo mlango wake unatazamana na ukumbi wa lifti zenyewe. Zaidi ya hayo, ramani huwa na alama ndogo inayoonyesha kabini mbili zenye mlango wa kupitia baina yake. Familia ikizichukua zote mbili ni raha, lakini mgeni akilala upande wa pili utasikia hata kikohozi chake.

Wahenga wa mwambao walisema kwamba kwenda omo na tezi marejeo ni ngamani, yaani ukienda mbele ya chombo au nyuma yake, mwisho utarudi chini tumboni mwake, na ndani ya msemo huo mna elimu ya chombo inayofaa hata leo. Meli inapokutana na mawimbi, omo na tezi hupanda na kushuka kama ncha za ubao wa pembea, nayo sehemu ya katikati hubaki karibu na utulivu. Na kadiri unavyoshuka kuelekea ngama, ndivyo unavyopungua mlalo wa kushoto na kulia. Kwa hiyo mtu anayechafukwa na roho hata akipanda kivuko achague kabini ya katikati, sitaha za chini. Kati ya Barcelona na Marseille kuna Ghuba ya Lion, ambako upepo wa mistral hushuka kwa nguvu kutoka bonde la mto Rhône, na usiku mmoja wa upepo huo unatosha kumfanya mtu aisahau kabisa roshani yake ya sitaha ya juu iliyoko omo.

Ukishajua mahali, sasa amua aina. Kabini ya ndani huwa na ukubwa wa mita za mraba 14 hadi 16 hivi na giza lake ni giza kamili, hata saa sita mchana hutambui jua liko wapi. Katika safari inayotia nanga bandari mpya karibu kila siku, ambapo mnatoka asubuhi na kurudi jioni, mimi naiona inatosha na fedha inayobaki naipeleka kwenye matembezi. Roshani huonyesha thamani yake pale chombo kinapopita kwenye mandhari yenyewe, kama vile fiordi za Norwei, zile ghuba nyembamba zilizozungukwa na milima, au pwani ya Alaska, au pale unaposafiri na mzazi mwenye umri mkubwa ambaye angependa kukaa nje bila kupanda ngazi wala kutafuta kiti katika umati. Ukiona kabini ya dirisha ina bei ya chini kuliko jirani zake, soma maelezo yake, kwani pengine mashua ya uokoaji imening'inia mbele ya dirisha hilo. Kabini inayouzwa rahisi kwa sharti kwamba kampuni ndiyo itakayokuchagulia namba ichukuliwe na mwenye usingizi mzito pekee. Naye anayesafiri peke yake ajiandae, kwa kuwa bei hupangwa kwa watu wawili, na mara nyingi atalipa karibu sehemu zote mbili.

Kuhusu chakula, nauli ya kawaida hujumuisha ukumbi mkuu wa chakula na bafe, huku migahawa midogo ya nyama choma, ya Kijapani au ya Kiitalia ikilipiwa pembeni. Wengi hukimbilia bafe siku zote 7 kwa kuona haya kuhudumiwa mezani, nao hukosa sehemu nzuri ya kile walicholipia. Katika ukumbi mkuu unaweza kuagiza vitangulizi viwili badala ya kimoja, na chakula kisipokupendeza, mwambie mhudumu, naye kwa kawaida ataleta kingine bila malipo. Kumbuka tu kwamba jiko hilo linapakua sahani mamia kwa wakati mmoja. Vyakula vinavyostahimili kusubiri, kama supu, nyama ya mchuzi, kondoo aliyepikwa polepole na tambi za kuoka, hufika mezani vikiwa na ladha yake yote, lakini samaki wa kuchoma na steki hufika vimekauka mara nyingi kuliko ningependa. Mlo wa jioni huwa na awamu mbili, ya kwanza karibu saa moja na ya pili karibu saa tatu usiku. Waitalia na Wahispania huipenda ya pili, lakini mwenye watoto au wazee aiombe ya kwanza mapema, wakati wa kukata tiketi.

Msafiri Mwislamu hana budi kuandikia kampuni mapema, mwezi mmoja au miwili kabla ya safari, na asiishie kuuliza kama kuna chakula halali, kwa maana atajibiwa kwamba hakuna nyama ya nguruwe na mazungumzo yataishia hapo. Aulize nyama imechinjwa wapi na kwa cheti gani, mchuzi umetiwa mvinyo au la, na vitamutamu vya jelatini vimetokana na mnyama gani. Meli nyingi hazina nyama yenye cheti isipoagizwa. Sisi tulipokosa, mama alimweleza mhudumu wetu usiku wa kwanza kwamba anahitaji wali mweupe, samaki asiyetiwa mvinyo, ndimu na pilipili mbichi, na tangu siku ya pili kijana huyo alimletea orodha ya kesho yake kila baada ya chakula cha jioni, wakaipitia pamoja sahani kwa sahani. Pilipili ilikuja katika kibakuli cha peke yake, imekatwakatwa, bila ya kukumbushwa tena. Huduma hiyo haikugharimu senti, ilidai tu kusemwa mapema na kwa mtu yuleyule kila siku.

Usafi wa jiko pia unaweza kuuchunguza kabla. Meli zinazofika bandari za Marekani hukaguliwa na taasisi ya afya ya huko, CDC, na hupewa alama kati ya 100. Zilizopata 85 au chini yake huhesabiwa kuwa zimeshindwa, na matokeo hutangazwa hadharani. Ndani ya meli, nawa kwa sabuni na maji kabla ya bafe, kwa sababu dawa ya kupaka mikononi haiviui vizuri virusi vya noro, ambavyo ndivyo chanzo cha kawaida cha kuharisha na kutapika melini.

Sehemu inayowaudhi abiria wengi ni hesabu ya siku ya mwisho. Bakshishi hukatwa kila siku kwa kila mtu, katika makampuni makubwa ya Marekani ikiwa kati ya dola 15 na 20, kwa hiyo watu wawili kwa usiku 7 kwa dola 16 watadaiwa dola 224 ambazo hazikuonekana katika tangazo la bei. Soda, intaneti na kahawa ya mashine hulipiwa, na kwenye meli kadhaa za Mediterania hata maji ya mezani huuzwa kwa chupa. Andika makisio haya kando ya nauli kabla ya kulinganisha kampuni moja na nyingine. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya aangalie vilevile njia ya meli, kwani ikitoka eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) kwenda Tunis au Istanbul na kurudi, atahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Ukishapanda, kabla ya kufungua sanduku, tafuta kituo chako cha kukusanyikia wakati wa dharura, ambacho huandikwa kwenye kadi ya kabini na nyuma ya mlango. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na abiria waliopandia Civitavecchia jioni ileile walikuwa bado hawajafanya zoezi la dharura. Tangu 2015 kanuni za kimataifa zinataka zoezi hilo lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Mimi na mama tuliitembea njia ya kwenda kituoni mara mbili, mara ya pili kwa ngazi, kwa kuwa lifti hazitumiki wakati wa hatari, naye alishika ukuta kwa mkono mmoja akihesabu milango kwa sauti hadi tulipotokea nje penye mashua.