Filamu ya chuo peke yako: namna ya kuimaliza, na ripoti yake isiwe ya kubuni

Wengi wanaofanya projekti ya mwisho peke yao hawakupanga iwe hivyo. Grupu limesambaratika, mmoja kahama kozi, mwingine hapokei simu, au lekchara kasema tu mwaka huu kila mtu ajitegemee. Basi uko na simu yako, maiki ya kuazima na tarehe ya kusabmiti inakuja, na vinatakiwa vitu viwili, filamu yenyewe na ile ripoti ya kutafakari kazi, kurasa kadhaa za ulifanya nini, kwanini ulifanya hivyo, umejifunza nini. Watu wanaihangaikia filamu, ripoti inaandikwa usiku wa mwisho, na ukiisoma unajua kabisa hii imeandikwa usiku wa mwisho. Mi ushauri wangu viende pamoja toka siku ya kwanza, na njia ninayoijua ni kufanya kazi kwa zamu.

Namaanisha hivi. Ukiwa peke yako we ndo mwandishi, prodyuza, muongozaji, kameramani, mtu wa sauti na editor. Kazi sita mtu anaziweza, kinachommaliza ni kuzifanya zote ndani ya dakika ileile, yaani unarekebisha fokasi huku unamsikiliza mhusika huku unawaza chaji, mwisho wake fokasi imepotea, alichosema hujakisikia, na chaji nayo imeisha. Kila zamu ipewe muda wake. Zamu ya kamera: simu inakaa kwenye stendi, unapanga fremu, unafunga setingi zote zisibadilike zenyewe, unaiwasha, unaiacha. Baada ya hapo ni zamu ya muongozaji: unakaa karibu na mtu wako, unamwangalia usoni, kamera huigusi tena. Ukiona mkono unataka kwenda kwenye skrini ujikumbushe kwamba yule kameramani keshatoka.

Hadithi ipungue kwanza

Kabla ya vifaa, punguza hadithi mpaka ibebeke na mikono miwili. Mtu mmoja mbele ya kamera, sehemu moja, mchana. Ya kwangu ilikuwa dakika nane kuhusu mzee mmoja fundi cherehani, anashonea kibarazani kwake Temeke, cherehani ya kukanyaga, mteja akija anakaa kwenye benchi anasubiri. Nilimchagua kwa sababu za kivivu kabisa: hahami, ana kivuli, na anarudia kazi ileile kutwa nzima, ukikosa shoti ya uzi unavyopita kwenye tundu la sindano subiri kidogo utaupata tena. Mtu anayerudia kazi ni zawadi kwa aliye peke yake. Wale mnaoandika sini ya harusi, au mume na mke wanagombana katikati ya soko, nawapenda lakini hapana, nani atawazuia watoto wasiangalie kamera?

Kipimo changu kwa kila sini ni maswali matatu: hapa nani kashika kamera, nani anasikiliza sauti, nani anamwangalia mhusika. Kama majibu yote ni wewe na yote yanatakiwa kwa wakati mmoja huku kamera inatembea, andika sini upya.

Karatasi zishughulikie mapema uzisahau. Hapa Tanzania Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali cha kushuti, kwahiyo muulize lekchara chuo chenu kinalishughulikiaje hilo kwa wanafunzi, na usitoke bila barua ya utambulisho. Ukifika mtaani anza kwa mjumbe au ofisi ya mtendaji, salimia, eleza, onyesha barua. Hii sio urasimu tu, siku mtu akija kuuliza "nyie mnarekodi nini hapa" (atasema nyie hata kama uko mwenyewe) mjumbe ndo atakusemea. Bandari, kambi na vituo vya polisi achana navyo kabisa. Na mhusika wako akubali kwa maandishi, kama hasomi msomee fomu, kisha mrekodi akisema kwa mdomo wake kwamba amekubali na ameelewa inaenda wapi.

Picha, kwa ufupi

Simu nyingi zinakuja zimesetiwa fremu 30 kwa sekunde. Badilisha iwe 25, na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Sababu ni umeme wetu, ni wa hezi 50, taa inawaka na kufifia mara 100 kila sekunde hata kama jicho halioni, sasa ukishuti chini ya tyubu au zile balbu za bei rahisi na shata ya 1/60 unapata mistari inayotembea ukutani na hakuna editor wa kukuokoa. Kamera ya kawaida ya simu mara nyingi haikupi hizo setingi, pakua programu ya Blackmagic Camera, ni ya bure, ipo ya iPhone na ya Android. Funga setingi za mwanga na za rangi zisijibadilishe katikati ya shoti, weka simu kwenye airplane mode, maana mama yako atapiga katikati ya shoti nzuri kuliko zote.

Jua la Dar saa sita linakaa utosini, macho ya mtu yanageuka mashimo. Ingia kibarazani au chini ya mwembe, na kama uso bado mweusi tandika shuka jeupe chini mbele yake, mwanga utapanda wenyewe. Kuanzia saa kumi na moja jioni ndo mwanga mtamu lakini huku kwetu karibu na ikweta jioni haidumu, jua likizama giza limeshaingia, kwahiyo uwe umeshapanga unataka shoti gani kabla hata hujafika. Na kila shoti iache iendelee, tukio likiisha hesabu mpaka kumi ndo uzime. Zile sekunde za mwisho ndo mtu anapumua, anafuta jasho, anatabasamu mwenyewe, utazihitaji.

Sauti, hapa usikimbie

Mtu anavumilia picha ya wastani, sauti mbaya havumilii, na sauti ndo kitu cha kwanza kusahaulika ukiwa peke yako kwa sababu haionekani. Ile maiki ndogo ya kubana kwenye kola, BOYA BY-M1 ambayo kila chuo iko moja inazunguka, ina kibetri na ina swichi: upande mmoja wa kamera, mwingine wa simu. Swichi ikikaa vibaya unapata sauti ya mtu aliyefungiwa kabatini, au hupati kitu kabisa. Rekodi nusu dakika, chomeka earphone, sikiliza, ndo muanze. Kila ukihama sehemu rudia hivyo.

Halafu kaa kimya usikilize mahali penyewe kabla hujatoa chochote kwenye begi. Kunguru, bodaboda, mashine ya kusaga, redio ya jirani, feni, friji. Redio unaomba wapunguze na watu wanakubali vizuri tu. Saa za adhana unazijua, panga mahojiano yasiangukie hapo, na ikiingia mnanyamaza wote mpaka iishe. Friji ukiichomoa weka funguo zako za nyumbani humo ndani, hutaondoka bila kuirudishia umeme.

Kwa mzee fundi shida ilikuwa cherehani yenyewe. Ana mazoea, akimalizia sentensi anakanyaga, sasa kila neno la mwisho linamezwa na mlio. Nilipomwambia asikanyage alikaa kama yuko polisi, mikono magotini, majibu mafupi. Nikamwomba, babu, tutoe ule mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu. Akacheka, "mwanangu unataka nishone hewa," lakini akautoa, akakanyaga, miguu inaenda na cherehani iko kimya, na maneno yakarudi kama ya siku zote. Baadaye tukaurudisha mkanda nikarekodi cherehani peke yake, simu ya pili imelala mezani karibu na sindano, taratibu, haraka, na ile ya kusimama ghafla. Kwenye kuediti nikawa naweka mlio pale ninapotaka mimi. Hiyo ndo faida ya zamu hata kwenye sauti, maneno yana muda wake na mashine ina muda wake.

Kabla ya kufungasha rekodi dakika moja ya mahali pakiwa patupu, hakuna anayeongea. Utaitumia kuziba mapengo. Na kama sauti unarekodi kwa simu nyingine, piga kofi moja la nguvu kwa mikono yako mbele ya kamera kila shoti inapoanza, ukija kuediti utalitumia kulinganisha sauti na picha, na utajishukuru.

Zamu ya karani

Sasa hii ndo zamu ambayo watu hawaihesabu. Kila siku ya kushuti, kabla hujalala, mambo mawili. La kwanza kopi: fotigi iwe sehemu mbili tofauti ndo ufute kwenye simu. Kwa kamera ya kawaida ya iPhone, video ya 1080p (HD) inakula karibu MB 60 kwa dakika ukitumia ule mfumo wa kubana faili (HEVC), 4K ambayo ni kali zaidi karibu MB 170, kwahiyo saa nzima ya 4K ni GB 10 hivi, piga hesabu ya flashi yako kabla hujajitia ufahari. 1080p inatosha kabisa kwa chuo.

La pili jirekodie voice note ujitumie mwenyewe WhatsApp. Niliamua nini leo, nilikuwa na njia gani nyingine, kwanini sikuifuata, ikatokea nini. Ongea hovyo tu, ukiwa umechoka, ukiwa na hasira. Ina tarehe na saa juu yake, hakuna wa kusema ulibuni. Ukiwa kwenye grupu mwenzako anakumbuka kwanini mlihamisha benchi upande wa kushoto, ukiwa peke yako usiposema usiku ule baada ya wiki hata wewe hujui.

Kuediti nitapita haraka maana mafunzo yamejaa kila kona. Programu ya kuediti ya DaVinci Resolve, ile ya bure, inatosha, laptop ya RAM GB 8 itakuwa inapumua kwa shida, tengeneza proksi kabla, yaani kopi nyepesi za shoti za kueditia. Kamera ya kawaida ya simu inarekodi fremu zisizo sawasawa, ndo maana sauti na mdomo vinaachana kadiri shoti inavyoenda, pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kubadili faili za video, uchague fremu zilingane (Constant Framerate), ndo uingize. Muziki wa msanii usiuweke bila ruhusa, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, na siku ukitaka kuipeleka kwenye tamasha la filamu la ZIFF kule Zanzibar hilo swali litakuja.

Lakini pumzika siku kadhaa kati ya kushuti na kuediti. Kameramani ndani yako anaipenda ile shoti aliyoipata kwa kulala chini kwenye vumbi, editor hatakiwi kujua habari za vumbi. Ukipata kopi ya kwanza muite mtu asiyejua chochote, kaa pembeni, usimuulize "umeionaje" maana atasema nzuri, sisi tuna adabu. Muangalie yeye. Akishika simu yake, andika dakika na sekunde.

Ripoti yenyewe

Fungua zile voice note, zisikilize zote kwa mfululizo, andika kwa zamu sio kwa tarehe: mwandishi aliamua nini, kamera iliamua nini, sauti, uhariri. Kila uamuzi ubebe njia uliyoiacha na ushahidi kwenye filamu. Linganisha:

"Nilikumbana na changamoto za muda, bajeti na sauti lakini nilizitatua."

"Mlio wa cherehani ulifunika mwisho wa sentensi. Kumzuia mhusika asikanyage kulimfanya awe mzito, hivyo tuliondoa mkanda na mlio ukarekodiwa peke yake. Tazama kuanzia 3:12."

Ya kwanza inaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kushika kamera. Lekchara amesoma hizo mpaka zinamtoka puani.

Kuhusu upweke wenyewe usilalamike, usitaje nani alikukimbia, hiyo sio kesi. Uchukulie kama njia ya kazi uliyotumia, useme ilikupa nini na ilikunyima nini. Kwangu ilinipa mazungumzo: mbele ya watu watano na taa kubwa mzee asingenisimulia vile alivyoshona sare za shule za mtaa mzima kwa mkopo. Ilininyima mtu wa kunibishia. Hakuna aliyeniambia hii sini ndefu, mpaka yule mtazamaji aliposhika simu yake, na hilo nimeliandika kwenye ripoti kama lilivyo, na jinsi lilivyobadilisha ukataji wa dakika mbili za mwanzo.

Viambatisho: barua, fomu ya ridhaa, orodha ya shoti hata kama imechorwachorwa, na picha moja moja kutoka kwenye filamu zenye dakika zake. Ekspoti filamu kwa mfumo wa video wa H.264, weka kwenye flashi mbili, nenda kaijaribu kwenye projekta ya chuo kabla ya siku yenyewe, spika za ukumbini zitakuonyesha mambo ambayo earphone ilikuficha.

Na mhusika wako apate kopi kabla haijaonyeshwa popote. Kwa WhatsApp itume kama dokyumenti, usiitume kama video, inabanwa mpaka nyuzi hazionekani. Kama simu yake ni ya batani beba laptop uende, na chaji ijae, usiombe umeme wa mtu.