Kabla Kaskazi Haijaingia: Kujua Stima Yako Inaishia Wapi

Kaskazi ikivuma Malindi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto hupanda na tokeni huisha upesi. Miaka hii Ramadhani nayo imeangukia humo humo au karibu yake: friji hujaa maji ya matunda na barafu, feni hazizimwi hadi daku. Wengi hulaumu bei, na kweli hubadilika, maana juu ya bei ya uniti kuna ada ya mafuta, ya fedha za kigeni na kodi. Ndiyo maana shilingi elfu moja haikupi uniti zilezile kila mwezi. Hilo hatuliwezi. Tunaloliweza ni kujua uniti zinakwenda wapi, na Novemba ndio wakati wake.

Anza na mita. Zima kila kitu, chomoa hata friji, kisha tazama ile taa ndogo inayomwekamweka. Ikiendelea, kuna kitu kinakula stima usichokijua: waya ulioliwa na chumvi, pengine, au chumba cha uani kilichounganishwa zamani kikasahauliwa. Mwite fundi mwenye leseni, usifungue mwenyewe.

Halafu piga hesabu. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 10 imekula uniti 0.6. Hita ya kuogea ya wati 5,000 hula 0.83 kwa dakika 10 tu! Balbu ya wati 9 haikumalizi. Kinachokumaliza ni kile kitoacho joto, kitoacho baridi, na kivutacho maji. Hita, kwa maoni yangu, pwani hatuihitaji kabisa. Tangi likishinda juani, maji yake yanatosha.

Friji ndiyo ya kushughulikiwa zaidi, kwa sababu haipumziki. Bana karatasi mlangoni na uivute: ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka na baridi inavuja usiku na mchana. Mpira hubadilishwa, si lazima ununue friji mpya. Isogeze mbali kidogo na ukuta, iondoe karibu na jiko, na ukiwa umeichomoa futa vumbi na chumvi kwenye mabomba ya nyuma. Hapo ndipo joto hutolewa, na yakiziba mota haizimi. Barafu ikiganda nene, iyeyushe. Usiikwangue kwa kisu, utatoboa bomba. Sufuria ya pilau ya futari ipoe kwanza ndipo iingie, ila isilale nje usiku kucha.

Pampu ya kisima husahaulika. Ya nguvu ya farasi moja hutumia wati 750 na zaidi. Boya la tangi likiharibika, maji humwagika paani huku pampu ikiendelea, na valvu ya chini ya bomba la kisimani ikivuja, pampu inazunguka bila kuvuta. Panda utazame.

Feni hupoza mtu, haipozi chumba, kwa hiyo ukitoka izime. Ikizunguka kwa uvivu na kunguruma, huenda kapasita yake imechoka, na fundi huibadilisha haraka. Chumba chenyewe kifungulie madirisha ya upande wa kaskazini mashariki jioni, upepo uingie. Bati ukilipaka rangi nyeupe, hupunguza joto kabla halijakufikia.

Kiyoyozi chini ya paa la makuti ni kupoza anga, usikiweke. Chumba chenye dari na madirisha yanayofungika kinakifaa, kwa nyuzi 25 au 26. Lakini fahamu kwanza: cha kawaida cha chumba kimoja huvuta karibu wati 1,000 kikifanya kazi, na bei ya uniti za nyumbani ina madaraja, hadi 30 kwa mwezi, hadi 100, na zaidi ya hapo, kwa kuangalia matumizi ya miezi iliyotangulia. Nyumba inayotumia uniti 80 wakati wa kusi itavuka 100 kwa kiyoyozi kimoja kinachowashwa kila usiku, na bei ya juu itaendelea kuifuata hata joto likishapungua.