Umerithi mafuta ya ukoo Texas? Soma hii kabla hujasaini lizi

Hii naiandikia hasa wenzetu wa Houston, Dallas na kwingineko ambao mwenzi wao alikuwa Mmarekani, akafariki, na sasa wewe na watoto mnaletewa barua na kampuni za mafuta zikitaka usaini karatasi na zikitaja kaunti ambayo hujawahi kuikanyaga. Wengi wanachanganyikiwa na wana haki, maana kule nyumbani kitu hiki hakipo. Tanzania na Kenya mafuta na gesi vilivyo chini ya shamba ni vya taifa, we una haki ya juu tu. Marekani mtu binafsi anaweza kumiliki vya chini, tena anaweza kuuza ardhi ya juu akabakiza ya chini, ndo unakuta babu mkwe aliuza shamba zamani sana lakini mafuta yakabaki kwenye ukoo na yanazidi kugawanyika kila mtu akifariki. Kwa hiyo barua usiitupe. Ila usiisaini wiki hiyohiyo, hata kama dalali wa kampuni anapiga simu kila siku na anaongea vizuri kama ndugu.

Kwanza kabisa angalia karatasi ni ya kukodisha, yaani lizi, inayoipa kampuni ruhusa ya kuchimba kwa muda, au ni ya kuuza. Kichwani ikiandikwa Mineral Deed au Royalty Deed hiyo ni kuuza, moja kwa moja, na wajukuu hawatapata kitu. Kuna barua zinakuja na cheki kabisa imebanwa juu, mjane anaona dola elfu kadhaa wakati wa msiba anadhani ni malipo ya lizi kumbe kauza. Sheria ya Texas inataka ofa ya kununua inayotumwa kwa posta iseme wazi kwamba ukisaini unauza, kwa hiyo soma yote, mpaka maandishi madogo. Hili linaniuma sana kwa sababu wanaoumia ni wale ambao Kiingereza cha kisheria ni kigumu kwao na wana aibu kuuliza.

Halafu weka jina lako sawa. Kampuni inaangalia rekodi za karani wa kaunti ile yenye mafuta, sio kaunti unayoishi wewe. Kama kulikuwa na wosia na umepita mahakamani jimbo lingine, peleka nakala zilizothibitishwa zikasajiliwe kule Texas. Kama hakuna wosia, watu wengi wanatumia hati ya kiapo ya warithi, inayosainiwa na mashahidi wawili walioujua ukoo vizuri na wenyewe hawarithi kitu. Sio hukumu ya mahakama, lakini kampuni nyingi zinaikubali. Mahali pa kuoa au kuolewa mara mbili, watoto wa nje, talaka, hapo tafuta wakili usijifanyie mwenyewe.

Hesabu ya fungu lako iko hivi: tuseme ukoo ulikuwa na ekari 160, bibi akabakiza nusu ya mafuta, ndo ekari 80, wajukuu wapo 8, kila mmoja ana ekari 10. Hizo 10 ndo utalipwa kwazo, hata kama barua imeandika 160. Na ujue kwamba Texas kila mrithi anaweza kukodisha fungu lake bila kuwauliza wenzake, dalali anajua hilo, ndo maana anaanza na yule mwenye shida ya pesa. Pigianeni simu. Ekari 80 zikija pamoja na wakili mmoja mnayemlipa kwa kuchanga zinasikilizwa kuliko ekari 10 za mtu mmoja.

Kabla hujajibu, ingia kwenye ramani ya Railroad Commission ya Texas, jina ni la reli lakini ndo wanaosimamia mafuta na gesi, ramani ni bure, utaona visima vilivyoko jirani na vibali vipya vya kuchimba. Ukiona vibali vimezunguka kipande chenu basi una nguvu ya kudai.

Sasa lizi yenyewe. Watu wote wanauliza bonasi ni ngapi kwa ekari, wakati bonasi, ile pesa ya kusaini, unalipwa mara moja, na mrabaha (royalty), yaani fungu lako la mauzo ya mafuta, unalipwa miaka. Mkataba wa kampuni mara nyingi unaanza na thumni, yaani 12.5%, hicho ni kiwango cha zamani, Texas penye visima vizuri watu wanapata 20% mpaka robo. Piga hesabu: ekari 10 ndani ya eneo la kisima (vipande vyote vya ardhi vinavyogawana kisima kimoja) la ekari 640, kisima kinatoa mapipa 10,000 kwa mwezi, pipa dola 70. Kwa thumni unapata kama dola 1,367, kwa robo dola 2,734, kabla ya kodi. Kisima kitashuka haraka mwaka wa kwanza, lakini ile tofauti inabaki mara mbili mpaka kinakauka.

Na asilimia nzuri inaweza kuliwa na makato. Kusafirisha gesi, kuisafisha, kuigandamiza, vyote vinaweza kukatwa kwenye mrabaha wako usipokataza. Usidhani sentensi moja ya "bila makato" inatosha, mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Texas kwenye kesi ya Heritage Resources dhidi ya NationsBank iliruhusu makato ingawa mkataba uliyakataza, kwa sababu mrabaha ulihesabiwa kwa bei ya kisimani, yaani kabla ya kusafirisha na kusafisha. Mwambie wakili aandike mrabaha uhesabiwe kwa bei halisi ya mauzo na ile ya kisimani iondoke.

Muda wa kwanza wa lizi usizidi miaka 3. Ukiisha bila uzalishaji lizi inakufa, lakini kisima kikizalisha lizi inaendelea hata miaka 40, ndo maana unahitaji kipengele cha Pugh, kinachosema ekari ambazo hazimo kwenye eneo la kisima zinarudi kwako muda ukiisha, na uongeze kwamba tabaka za chini ambazo hawajachimba nazo zinarudi. Bila hivyo kisima kimoja kwenye kona kinashikilia kila kitu. Futa pia sehemu inayokufanya udhamini hatimiliki, wewe umerithi tu, hujui bibi aliuza nini.

Bonasi wanapenda kulipa kwa hundi ya ahadi ya siku 30 za kibenki, ambayo kampuni inaweza kuikataa baada ya kuchunguza rekodi. Lizi yako isisajiliwe kabla pesa haijaingia, lisimamie hilo hata dalali akinuna.

Haya ni ya Texas. Louisiana haki iliyotenganishwa na ardhi inaweza kupotea isipotumika miaka 10. Oklahoma kampuni inaweza kukuingiza kwenye kisima kwa amri ya serikali ya jimbo hata kama hujasaini, na kwa kawaida una siku 20 tu za kuchagua masharti yako, barua kama hiyo usiiweke kabatini.

Kisima kikianza utaletewa hati ya mgao, Wamarekani wanaiita division order, ina namba yako ya desimali. Chukua ekari zako gawa kwa ekari za eneo zidisha kwa mrabaha, mfano 10 kwa 640 kwa 0.20 ni 0.003125, isipolingana usisaini, andika barua uulize.

Kodi ya uzalishaji Texas ni 4.6% ya mafuta na 7.5% ya gesi, inakatwa kabla hujaona cheki. Bonasi na mrabaha vyote ni mapato utayatangaza, na kwenye mrabaha kuna punguzo, yaani unaruhusiwa kutoa 15% kabla ya kuhesabu kodi, ambalo wengi hawalidai. Kama mrithi mmoja yuko Mombasa au Dodoma na sio raia wala mkazi wa Marekani, atajaza W-8BEN, fomu ya kodi ya wageni, na atakatwa 30%, maana Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Aulize mhasibu kama anaweza kuchagua kulipa kodi ya faida tu, baada ya kutoa gharama, mara nyingine ni nafuu.

Mwisho, badilisha anwani kila ukihama. Pesa ya mafuta isiyochukuliwa kwa miaka 3 inapelekwa kwa Comptroller wa Texas, yaani mhasibu mkuu wa jimbo. Tafuta jina la marehemu na la wazazi wake kwenye tovuti yake ya ClaimItTexas, ni bure, na mtu akikupigia anataka asilimia ili akutafutie usimpe, fanya mwenyewe.