Kabla hujaongeza springi kwenye Hilux ya zamani, pima kwanza

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Nilinunua Hilux LN106, ile ya injini 3L, springi za majani mbele na nyuma, na mwenye nayo alishaifanyia mambo yake: shako (vile vyuma vinavyoshikilia mwisho wa springi kwenye chesisi) ndefu nyuma, bloku za chuma katikati ya springi na ekseli, tairi kubwa kuliko zake, halafu kwenye springi kaongeza majani mawili ya Canter. Nyuma imebinuka kama nge. Mimi nikasema hii ndio gari ya kazi. Safari ya kwanza napanda mlima Kitonga na mbolea mifuko 20, tani moja hiyo, naweka gia ya pili nakanyaga mafuta, chini inapiga tatatata kama kuna mtu anagonga sakafu na nyundo. Fundi wa kwanza akasema springi zimechoka, ongeza jani. Nikaongeza, ikazidi. Fundi wa pili akasema krosi za propela, vile viungo vya shafti inayopeleka nguvu nyuma, tukabadilisha, wiki mbili zimekufa tena. Hela imeenda na hakuna hata mmoja aliyeshika futi akapima kitu, na mimi mwenye gari pia sikushika.

Kwa hiyo pima. Toa mzigo wote, jaza upepo tairi zote sawa, peleka gari sehemu tambarare kweli, sheli zenye zege zinafaa sana ukiomba vizuri. Shika futi, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, andika. Halafu nyoosha usukani na upime kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, pande zote mbili. Hiki cha pili watu wengi hawakifanyi na ndicho kinachosema ukweli, maana pande zikipishana sentimita moja hivi basi ekseli imehama, na hiyo ndio gari unayoiona barabarani inatembea kiupande kama kaa, mwenyewe anapeleka alaimenti kila mwezi na tairi zinaendelea kuliwa.

Ekseli ikihama, mtuhumiwa wa kwanza ni senta bolti. Ile bolti kazi yake ni kukusanya majani pamoja, na kichwa chake kinakaa kwenye tundu la kikalio cha ekseli ili ekseli ijue mahali pake. Kuibana ekseli isiende popote ni kazi ya yu-bolti, zile zilizopinda kama herufi U. Yu-bolti zikilegea senta bolti inabeba mzigo usio wake, inakatika. Sasa ukiongeza majani mawili, rundo limenenepa na yu-bolti ni zile zile za zamani, nati inashika nyuzi tatu nne za mwisho, unadhani itakaa? Angalia pembeni ya yu-bolti, ukiona vumbi jekundu la kutu, au sehemu chuma kinang'aa kama kimepigwa msasa, hapo vitu vinacheza. Nunua mpya zenye urefu wa kutosha, usirudishe za zamani maana zimeshavutika. Kaza kwa kupishanisha kona kidogo kidogo, gari ikiwa imekalia tairi zake, halafu ukitembea kama kilomita 100 na mzigo rudi ukaze tena. Utashangaa zinavyokubali kuzunguka.

Kama gari imelala upande mmoja, usinunue kitu bado. Hamisha springi ya kulia iende kushoto na ya kushoto iende kulia, rundo zima. Ni kazi ya siku moja na jasho tu. Gari ikihamia kulala upande wa pili basi springi ndio mbovu. Ikibaki imelala upande ule ule, tatizo liko kwenye chesisi, au brakti, au springi za mbele, na ungeweka jani jipya nyuma ungekuwa unatibu mguu kwa kidonda cha mkono.

Milio sasa. Kelele ya ngo-ngo ukipita kwenye shimo mara nyingi ni bushi na pini za shako. Chukua mtaimbo, ingiza kati ya shako na springi, kandamiza juu chini, kukiwa na mchezo utauona kwa macho. Ukichomoa pini na ukucha unanasa kwenye mfereji uliochimbika, tupa, bushi mpya kwenye pini iliyoliwa haimalizi mwezi. Na ukifunga bushi za mpira usikaze bolti za shako gari ikiwa inaning'inia kwenye jeki, shusha kwanza ikalie tairi ndio ukaze, vinginevyo mpira umefungwa ukiwa umepinda na utachanika mapema. Mlio wa kwi-kwi ni majani yanasuguana, hauna madhara makubwa. Ile tabia ya kupulizia oili chafu inanyamazisha siku tatu, baada ya hapo vumbi linanata linakuwa msasa, na mpira wa bushi unavimba. Osha kwa maji ya presha, basi.

Angalia pia zile klipu zinazoyashika majani pembeni. Mafundi wakiongeza jani huwa wanazikata kwa sababu hazienei, hawazirudishi. Bila klipu springi ikijirudi baada ya shimo, jani namba moja, lile refu la juu, linafanya kazi peke yake, majani mengine yamefunguka kama vidole. Ndio maana linakatika karibu na jicho, pale mwisho pini inapopita.

Turudi kwenye yale majani ya Canter. Ugumu wa jani unapanda kwa unene wake mara tatu, yaani unazidisha unene kwa unene kwa unene. Jani la milimita 8 ukililinganisha na la milimita 7 ni karibu mara moja na nusu kwa ugumu, na la milimita 10 ni karibu mara tatu. Sasa chomeka jani nene fupi katikati ya majani membamba, lile refu la juu yake litakuwa linapinda sehemu moja tu, pale jani nene linapoishia, na hapo hapo litakatika. Ya kwangu yalikuwa yamechongwa pembeni na grainda ili yaingie, na kila mkwaruzo wa grainda ni mlango wa ufa. Pia mkunjo wake haukufanana, gari ikiwa tupu ungeweza kuona mwanga katikati. Kama lazima uongeze, tafuta jani la upana ule ule, unene unaokaribiana na mkunjo unaolala vizuri. Na fundi akitaka kuikunja springi kwa moto wa gesi, mtoe nje. Chuma cha springi ukikichoma bila kukirudishia ukali wake kinakuwa nondo tu, kitasimama vizuri wiki ya kwanza halafu kinalala mazima.

Sasa ile tatatata ya Kitonga. Ni ekseli inajipinda: ukikanyaga mafuta kwenye mlima, kichwa cha difu, pale propela inapoingia, kinataka kupanda juu, springi inakunjika kama herufi S, inachoka inaachia, inakunjika tena. Bloku inazidisha, maana umempa difu mkono mrefu wa kuipinda springi. Kujaribu ni rahisi. Weka magogo mazito mbele ya tairi za mbele, hakikisha hakuna mtu mbele ya gari, acha simu chini pembeni inarekodi (simu, sio kichwa chako), mtu aingie aweke gia ya kwanza na aachie klachi taratibu mpaka gari iegemee magogo. Usivute hendibreki. Hendibreki inashika tairi kwenye ekseli ile ile, nguvu inaishia humo humo, ekseli haipindi, utajidanganya kwamba kila kitu kizima. Ukiangalia video utaona kichwa cha difu kinainuka, kidogo ni kawaida, cha kwangu kilikuwa kinainuka kama anayeangalia ndege.

Shako ndefu nazo zina lao. Ukirefusha shako kwa inchi mbili gari inapanda kama inchi moja, na kwa kuwa shako ya nyuma iko mwisho wa springi, kichwa cha difu kinageukia juu, krosi zinafanya kazi kwenye pembe mbaya. Hapo ndipo krosi zangu mpya zilikufa. Kwa propela ya kawaida unataka flenji ya giabox na ya difu ziwe sambamba, hata programu ya kupima mlalo ya kwenye simu inatosha kukuonyesha. Zikipishana kuna kabari za chuma zinazokaa kati ya springi na kikalio, ila bora uondoe kilichopindisha kwanza.

Shokapu sitaongea sana. Ukiinua gari hakikisha ekseli ikining'inia shokapu sio kitu kinachoizuia, na ikigonga juu raba za chesisi ziguse kabla shokapu haijaisha.

Kitu ambacho ningependa usikiruke ni breki. Hilux nyingi za hivi zina vavu kwenye chesisi yenye fimbo inayoenda kwenye ekseli ya nyuma. Nyuma ikilala, vavu inajua kuna mzigo na inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Sasa wewe umeinua gari, umeweka springi ngumu zisizolala hata na lumbesa za viazi, vavu inaamini gari tupu, breki za mbele zinashusha tani moja Kitonga peke yake. Kama pedi za mbele zinaisha haraka na drami za nyuma ziko baridi ukishuka, angalia ile fimbo. Ikatengenezwe na mtu anayejua breki, sio kuifunga na waya.

Mimi mwishowe nilitoa bloku, nikarudisha shako fupi, nikatafuta seti nzima ya springi za Hilux zenye mkunjo mzuri na klipu zake, yu-bolti mpya, bushi mpya. Ikashuka, haina tena lile umbo la nge, na kijana wangu wa kazi akalalamika kwamba imekuwa gari ya mwalimu. Mlimani kimya. Yale majani ya Canter alikuja mhunzi wa jirani akayachukua, kafua mapanga mawili, moja ninalo mimi na linakata vizuri sana.