Ukiulizwa kwenye intavyuu "kwa nini unaondoka ulipo", jibu hivi

Hili swali hujaga mwishoni, mkishazoeana kidogo, na ndo maana linaua watu. Mmeanza kwa Kiingereza, lile jibu ulilokariri nyumbani umelimwaga lote, paneli inatikisa kichwa, halafu mmoja pale pembeni anaweka kalamu chini anakuambia kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, "sasa tuambie tu, kule kwani kuna nini?" Hapo ndo mdomo unafunguka. Mimi ilinikuta, nilikuwa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini Dar, nikaanza na bosi anavyofoka, nikaenda kwa mpwa wake aliyepewa cheo juu yetu, nikamalizia na posho ya safari ambayo mpaka leo sijaiona, dakika kama tano naongea wao wananiangalia tu wanaandika. Kazi sikupata.

Kwa hiyo jibu lako lifanyie mazoezi kwa Kiswahili pia, tena kwa sauti. Mwambie hata mdogo wako akuulize kimbea kama anavyouliza jirani, uone unateleza wapi.

Sababu unaweza kuwa nazo saba, chagua moja, iwe ya kweli, na iwe ni kitu ambacho hiyo kazi mpya inakitibu. Hapo pa mwisho wengi wanapasahau. Mtu anasema anaondoka kwa sababu hapandi cheo, kumbe nafasi anayoomba nayo ni ya mtu mmoja, hakuna wa juu yake zaidi ya mwenye kampuni, sasa utapanda uende wapi? Rudia kusoma tangazo lao. Mimi nilitakiwa niseme hivi: "Nina miaka 3 pale, kazi yangu ni kuzungusha nyaraka, na bandari nimeijua vizuri. Nyie mnatafuta mtu wa kukaa na mteja tangu meli haijafika mpaka mzigo uko godauni, hiyo ndo kazi ninayoitaka, na kwetu wanaoifanya ni wawili ambao hawaondoki leo wala kesho." Basi. Unanyamaza. Na kunyamaza ndo kugumu, maana wakikaa kimya unahisi bado wanataka, unaongeza kidogo, na hicho cha kuongeza ndo kinachokuponza.

Hela usiitangulize, ila wakikuuliza moja kwa moja usijifanye malaika, sema ndiyo na kipato nataka kipande, wote pale wanalipa kodi ya nyumba. Kama mshahara unachelewa sema kama unavyotoa taarifa tu, "miezi ya karibuni mshahara umekuwa hauna tarehe, nina familia, nimeona nitafute kwingine," bila kumtaja aliyekula hela. Mambo ya michango ya NSSF kutopelekwa kayamalizie huko huko, mezani pa usaili hayana wa kukusaidia.

Na kama ulishaachishwa usiseme "nataka kuondoka". Watu wa fani moja wanajuana, simu moja tu inatosha kukuumbua. Sema ilivyokuwa kwa sentensi mbili, na wewe umebadilisha nini, muendelee.

Kuna mtego mwingine unakuja nyuma yake, "unaweza kuanza lini?" Ukisema hata kesho umejichoma, maana anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wako unaweza kudai zaidi. Wao wanasikia kwamba na wao siku moja utawaacha hivyo hivyo. Angalia mkataba kabla hujaenda, uwape siku kamili.

Wakitaka kumpigia bosi wako wa sasa, usishtuke hadi ionekane usoni. Waambie kwa heshima kwamba ofisini bado hawajui, unaomba wasubiri mpaka mkubaliane, na kwa sasa uwape namba ya msimamizi wako wa kazi iliyopita. Huyo naye umpigie siku moja kabla, asije akaulizwa habari zako akasema "nani huyo?"