Kupanga mbao mbichi za paina zikauke bila kupinda

Mbao ya paina iliyotoka kwenye dingdong (mashine ya kupasulia magogo) ipangwe siku hiyohiyo. Kinachokausha ni upepo. Jua kali hukausha uso ukasinyaa huku ndani bado kubichi, na hapo ndipo nyufa huanza.

1. Msingi. Panga bloku, weka boriti zilizonyooka juu yake, mbao ya chini iwe sm 40 kutoka ardhini. Vuta uzi kutoka boriti ya kwanza hadi ya mwisho. Zote ziguse uzi. Usiharakishe hapa, kwa sababu boriti moja ikizama, rundo zima litakauka na pindo hilo na halitanyooka tena.

2. Vijiti vya kutenganisha safu za mbao. Inchi 1 kwa inchi 1, vikavu, unene sawa. Vibichi huacha madoa. Kwa mbao ya inchi 1 viweke kila sm 45, vya mwisho vikae kwenye ncha kabisa. Kila kijiti kisimame juu ya mwenzake, moja kwa moja hadi kwenye boriti. Kikikaa pembeni, uzito wa juu unakunja mbao katikati.

3. Ncha zipake rangi ya mafuta mapema, maana maji hutokea huko haraka kuliko ubavuni.

4. Rundo moja, unene mmoja. Acha sm 2 kati ya mbao na mbao.

5. Juu weka bloku nzito, zikae juu ya mistari ya vijiti, kisha mabati yaliyotokeza pande zote. Turubai usifungie: linazuia unyevu kutoka.

Maswali

*Wakuu, nimefuata yote, ila baadhi zimebetuka.*
Tazama pete za ukuaji wa mti kwenye ncha. Mbao husinyaa kufuata pete karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea moyo wa mti, ndiyo maana hubetuka. Zenye moyo ndani zitenge, hizo hupasuka tu.

*Madoa ya bluu je?*
Ni kuvu. Nguvu haipungui sana, sura ndiyo inaharibika. Hewa haipiti vya kutosha, au magogo yalilala muda mrefu kabla ya kupasuliwa.

*Mkaratusi nao hivihivi?*
Hapana mkuu, huo ukikimbizwa unapasuka. Funika upande wa upepo kwa magunia wiki za mwanzo.

*Nitajuaje zimekauka?*
Pima mbao moja kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, rundo limefika mwisho wake kwa hali ya hewa ya hapo. Ukitaka asilimia, kata kipande katikati ya mbao, kipime, kikaushe kwenye oveni nyuzi 103 hadi uzito usimame. Gramu 230 zikibaki 200, unyevu ni 15% (30 zilizopotea kwa 200 kavu). Kwa paa inatosha. Kwa kabati, ziingize ndani ya nyumba wiki kadhaa, bado zikiwa na vijiti, ndipo upige randa.